KHAIRUDDIN BARBAROSSA: NAHODHA ALIYESHINDWA MARA NYINGI WALA ASIKATE TAMAA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baad.



Katika madrasa zetu, likija somo la tarekh, mara nyingi tunasomesha ushindi. Tunasomesha Badr, tunasomesha kufunguliwa kwa Makka, tunasomesha Salahuddin alivyoirejesha Quds mwaka 1187. Ni masomo mazuri na hatuyaachi. Lakini mtoto akisikia ushindi peke yake kuanzia darasa la kwanza hadi anahitimu, hujijengea picha kwamba watu wakubwa hawashindwi. Siku matokeo ya mtihani yanapotoka na jina lake halimo miongoni mwa waliofaulu, anaona kwamba yeye si katika watu hao. Anajifungia chumbani, haji darasani, na wengine huacha kabisa. Tumewaona vijana wa namna hiyo, na kila jamaa ina wake.

Kwa hiyo safari hii tumechagua kisa cha mtu ambaye maisha yake yalijaa kushindwa kabla na baada ya ushindi wake. Ni Khairuddin, ambaye watu wa Ulaya walimwita Barbarossa, yaani Ndevu Nyekundu. Alikuwa nahodha katika Bahari ya Kati, akawa mtawala wa Algiers, kisha amiri wa jeshi lote la majini la Dola ya Uthmaniyya. Alifariki Istanbul mwaka 1546.

HARAMIA AU NINI?

Kabla hatujaendelea, tuweke wazi jambo moja. Vitabu vingi vinamwita haramia. Haramia ni mnyang'anyi wa baharini anayemvamia yeyote kwa ajili ya tumbo lake. Katika zama zile palikuwa na kundi la pili: manahodha wenye merikebu zao wenyewe, waliopewa idhini na mtawala kushambulia vyombo vya maadui wa mtawala huyo. Walipata bandari ya kutia nanga na kuuza ngawira, na mtawala akapata sehemu yake katika ngawira hiyo. Pande zote mbili walikuwa nao. Waislamu walikuwa na watu kama Khairuddin, na Wakristo walikuwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohana waliokaa kisiwa cha Rhodes na baadaye Malta. Tutarudi kwenye suala hili mbele, kwani lina uzito.

WATOTO WA YAQUB

Khairuddin alizaliwa kisiwa cha Lesbos, ambacho Waturuki wanakiita Midilli, katika nusu ya pili ya karne ya 15. Kisiwa hicho kilikuwa kimeingia mikononi mwa Waothmani mwaka 1462. Baba yake, Yaqub, alikuwa askari aliyepata makazi hapo, na mama yake, Katerina, alikuwa Mgiriki wa kisiwani. Walizaa watoto wa kiume wanne: Is-haq, Aruj, Khidhr na Ilyas. Khidhr ndiye huyu aliyekuja kuitwa Khairuddin. Inasimuliwa kwamba baba yao alifanya kazi ya ufinyanzi, na wanawe wakawa wanasafirisha vyombo vyake kwa mashua kwenda kuviuza. Basi tuelewe tangu mwanzo kwamba huyu hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Alikuwa mtoto wa mfinyanzi.

Pigo la kwanza liliwajia mapema. Aruj na mdogo wake Ilyas walikuwa wakirudi kutoka safari ya biashara, wakakutana na merikebu za wale mashujaa wa Rhodes. Ilyas aliuawa palepale. Aruj alichukuliwa mateka, akafungwa katika ngome ya Bodrum. Alikaa kifungoni karibu miaka mitatu hadi alipopata njia ya kutoroka.

Aruj alipotoka hakurudi kuuza vyungu. Alikwenda Antalya kwa Korkud, mtoto wa Sultan Bayezid wa Pili, akapewa merikebu ili apambane na waliomfunga. Lakini kusimama chini ya mti wa mkubwa nako kuna hatari yake. Sultan Salim wa Kwanza aliposhika kiti mwaka 1512, aliwaondoa wote waliokuwa na haki ya kukidai, na mwaka 1513 Korkud akauawa. Mti ulikatwa, na waliokuwa wakipata kivuli chake wakabaki juani. Aruj na Khidhr wakabaki upande wa magharibi, pwani ya Afrika ya Kaskazini, ambako mtawala wa Tunis alikuwa amewaruhusu kutumia bandari ya La Goulette, ambayo Waarabu wanaiita Halq al-Wadi, kwa sharti la kumgawia ngawira.

HALI YA WAISLAMU WAKATI HUO

Mwanafunzi hataelewa kisa hiki kama hajui hali ilivyokuwa. Granada, mji wa mwisho wa Waislamu wa Andalusia, ilianguka mwaka 1492. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile walilazimishwa kuchagua kubatizwa au kuhama. Wahispania hawakuishia kwao. Walivuka bahari, wakateka Mers el-Kebir mwaka 1505, Oran mwaka 1509, Bijaya na Tripoli mwaka 1510. Mbele ya mji wa Algiers walijenga ngome juu ya kisiwa kidogo, wakaiita Peñón, na kutoka hapo mizinga yao ilielekea kwenye nyumba za watu.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusidhani habari hizi zilikuwa mbali nasi. Mwaka huohuo wa 1505, wakati Wahispania wanaichukua Mers el-Kebir, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Katika hali hiyo Aruj na ndugu zake walifanya kazi ambayo Waislamu wa Andalusia hawakuisahau. Walikuwa wakienda pwani za Hispania usiku, wanapakia familia zilizokimbia, na kuwavusha hadi Afrika ya Kaskazini. Maelfu walivuka kwa njia hiyo katika miaka iliyofuata.

MKONO ULIOPOTEA BIJAYA

Mwaka 1512 Aruj na Khidhr walijaribu kuikomboa Bijaya kutoka kwa Wahispania. Jaribio lilishindwa vibaya. Risasi ya mzinga ilimpiga Aruj mkono wa kushoto, na mkono huo ukakatwa. Fikiria, ndugu msomaji. Baharia bila mkono! Kamba hazivutwi kwa mkono mmoja, wala ngazi ya ngome haipandwi kirahisi. Watu wengi wangesema basi, Mungu ameshaonyesha, turudi nyumbani.

Mwaka 1514 walirudi Bijaya kwa mara ya pili. Wakashindwa tena. Kilichobaki mikononi mwao ni mji mdogo wa Jijel, mashariki ya Bijaya, waliouchukua mwaka huo kutoka kwa Wagenoa. Tunaomba wasomaji waishike Jijel akilini, kwa sababu mji huo mdogo ndio utakaomwokoa Khidhr baadaye.

NDUGU WA MWISHO

Mwaka 1516 watu wa Algiers waliwaita waje wawaondolee ile ngome ya Peñón. Aruj alikuja, lakini mizinga yake haikuwa na nguvu ya kuivunja. Ngome ikabaki. Mjini penyewe ukazuka uhasama baina yake na Salim al-Tumi, kiongozi aliyekuwa amemwalika. Salim akauawa, na Aruj akashika utawala. Hatulifichi jambo hili wala hatulipambi. Mgeni aliyemuua mwenyeji wake alijipandia chuki, na mavuno ya chuki hiyo tutayaona.

Mwaka 1517 Aruj akaenda mbali zaidi, hadi Tlemcen, akaichukua. Hapo akawa amejitandaza kuliko uwezo wake. Wahispania wakatoka Oran pamoja na wenyeji waliompinga. Mwanzoni mwa mwaka 1518 Is-haq aliuawa. Miezi michache baadaye Aruj, akiwa anajaribu kutoka Tlemcen na watu wachache, alifikiwa njiani akauawa naye.

Ndugu walikuwa wanne. Sasa amebaki mmoja. Khidhr alikuwa Algiers, mji ambao wengi wa watu wake hawakumpenda, ngome ya adui iko mbele ya mlango wake, na Wahispania wana nguvu mpya. Alikuwa na merikebu. Angeweza kupandisha matanga usiku na kuelekea mashariki, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alichokifanya ni kutafuta msaada kwa adabu. Mwaka 1519 watu wa Algiers walipeleka barua kwa Sultan Salim kule Istanbul, wakaomba mji wao uwe chini ya dola yake. Angalia busara iliyomo humo. Salim huyu ndiye aliyemuua Korkud, mlinzi wa kwanza wa Aruj. Khidhr hakushikilia kisasi cha zamani wakati watu wanamtegemea. Sultan akakubali, akampa cheo cha utawala wa jimbo, akampelekea askari 2,000 wa kikosi cha Janissary pamoja na mizinga. Ni katika zama hizo ndipo jina la Khairuddin, yaani Kheri ya Dini, lilipomkaa. Na Wahispania walipokuja na kikosi cha Hugo de Moncada mwaka huohuo wa 1519, waliondoka wameshindwa, na dhoruba ikavunja merikebu zao.

MIAKA YA JIJEL

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa hadithi tamu. Hakikuishia.

Kufikia mwaka 1520 Ahmad ibn al-Qadi, mkubwa wa Kuku katika milima ya Kabylia, ambaye zamani alikuwa mshirika wao, aligeuka dhidi ya Khairuddin na kumpiga. Algiers ikamtoka. Mji ambao ndugu zake walikufa kwa ajili yake, mji ambao alikuwa ameuombea msaada kwa Sultan, ulichukuliwa na Mwislamu mwenzake. Khairuddin akarudi Jijel, kule walikoanzia.

Alikaa huko miaka mitano hivi. Wanafunzi wetu, isomeni tena sentensi hiyo taratibu. Miaka mitano ni muda ambao kijana anaanza sekondari na kukaribia kuimaliza. Katika miaka hiyo alirudi kwenye kazi aliyoijua: kutengeneza merikebu, kukusanya mabaharia, kuingia baharini msimu baada ya msimu, na kujenga upya urafiki na watu wa bara. Ilipofika mwaka 1525 alirudi Algiers akaichukua tena.

Na alipoipata hakukimbilia mbali kama Aruj alivyokimbilia Tlemcen. Alianza na mwiba uliokuwa mguuni. Mwezi wa Mei mwaka 1529, baada ya kuipiga ngome ya Peñón kwa mizinga kwa zaidi ya wiki mbili, aliiteka. Ngome hiyo ilikuwa imesimama pale tangu mwaka 1510. Ilikuwa imemshinda Aruj mwaka 1516. Khairuddin akaibomoa, na mawe yake yakatumika kujenga gati lililounganisha kisiwa na mji. Bandari ya Algiers ilizaliwa kwa mawe ya ngome ileile iliyoukaba mji kwa miaka 19.

TUNIS: KUPATA NA KUPOTEZA NDANI YA MWAKA MMOJA

Habari zake zikafika kwa Sultan Sulaiman. Mwaka 1533 alimwita Istanbul, na mwaka 1534 akamfanya Kapudan Pasha, yaani amiri wa jeshi la majini. Mtoto wa mfinyanzi akakabidhiwa karakana za merikebu za dola kubwa kuliko zote katika Bahari ya Kati. Mwezi wa Agosti mwaka huo akaiteka Tunis.

Hakukaa nayo hata mwaka. Katika kiangazi cha 1535 Mfalme Charles wa Tano mwenyewe alikuja na jeshi kubwa. La Goulette ilianguka tarehe 14 Julai, na merikebu nyingi za Khairuddin zikachukuliwa bandarini. Alipotoka mjini kukabiliana na jeshi hilo, mateka wa Kikristo waliokuwa wamefungwa ndani ya ngome ya Tunis walivunja minyororo yao, wakaishika ngome na kufunga milango nyuma yake. Tarehe 21 Julai jeshi la Charles likaingia. Watu wa Tunis waliuawa kwa wingi, na wengine wakauzwa utumwani.

Amiri aliyeteuliwa jana amepoteza mji, merikebu na watu. Katika dola za zama zile, hiyo ilitosha mtu kukatwa kichwa. Lakini Khairuddin alikuwa ameweka akiba ya merikebu Annaba, magharibi ya Tunis. Akafika huko kwa nchi kavu, akazipanda. Maadui walidhani atajificha. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo akatokea kisiwa cha Minorca, akaushambulia mji wa Mahón na kuondoka na mateka wengi. Kisha akaenda Istanbul kuonana na Sultan aliyemkabidhi merikebu zile. Sulaiman hakumwondoa. Alimpa kazi ya kuunda merikebu nyingine.

PREVEZA

Mwaka 1537 alishiriki kuizingira Corfu, ngome ya Wavenisi, na jeshi likarudi bila kuichukua. Kisha ukafika mwaka 1538.

Papa, Venice na Mfalme Charles waliungana na kukusanya merikebu nyingi chini ya Andrea Doria, nahodha maarufu wa Genoa. Khairuddin alikuwa na merikebu 122 za makasia ndani ya Ghuba ya Arta, karibu na Preveza, pwani ya Ugiriki. Alikuwa na vyombo vichache kuliko wenzake. Alfajiri ya tarehe 28 Septemba alitoka nje ya ghuba. Siku hiyo upepo ulikufa. Aliyewahi kuliona Ziwa Tanganyika likitulia kama kioo, na tanga likining'inia kama nguo kwenye kamba, anajua nini maana ya chombo cha matanga kukosa upepo. Merikebu kubwa za upande wa Doria zilikwama. Zile za makasia za Khairuddin zikatembea. Ilipofika usiku Doria alijiondoa, na baadhi ya merikebu za wenzake zilikuwa zimetekwa au kuteketea. Baada ya siku hiyo Waothmani walikuwa na nguvu kubwa katika bahari ile kwa miaka mingi, hadi vita vya Lepanto mwaka 1571 vilipowatikisa.

Watu wanasema alipata bahati ya upepo. Ni kweli upepo ni wa Allah, hakuna nahodha anayeuumba. Lakini miaka 19 kabla ya hapo dhoruba ilimsaidia dhidi ya Moncada, na miaka mitatu kabla ya hapo hakuna upepo uliomsaidia Tunis. Aliyekuwepo siku zote ni yeye, na merikebu zilizokuwa tayari.

SWALI LA MWANAFUNZI

Tulipolisoma somo hili na wanafunzi wakubwa, mmoja aliinua mkono akauliza: "Ustadh, sasa huyu naye si aliteka watu? Wale waliovunja minyororo Tunis, kama ni mimi nimefungwa pale nisingefanya kama wao?"

Tulilipenda swali hilo kuliko majibu yote yaliyotolewa darasani siku ile. Jibu ni kwamba, ndiyo, aliteka watu. Vita vya baharini vya zama zile viliendeshwa kwa mateka. Waliopiga makasia katika merikebu nyingi, za Waislamu na za Wakristo, walikuwa watu waliofungwa minyororo kwenye mabao yao. Gati la Algiers tulilolitaja lilijengwa kwa jasho la mateka. Watu wa Mahón waliochukuliwa mwaka 1535 hawakuwa wameiteka Tunis. Walikuwa wakulima, wavuvi, akina mama na watoto. Na upande wa pili ulifanya vivyo hivyo kwa watu wa Tunis.

Sisi tunaoishi katika nchi ambazo misafara ya watumwa ilipita, kutoka Maniema hadi Ujiji na kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, hatuwezi kulizungumza suala hili kama linawahusu wengine. Hatupaswi kuwafundisha watoto kwamba mateka akiwa wa adui basi machozi yake ni maji. Tunachukua kutoka kwa Khairuddin subira yake na utendaji wake. Hatuchukui kila alichofanya. Mtu mkubwa katika tarekh ni kama kisima kirefu: unateka maji, unayachuja, ndipo unakunywa. Na mzazi anayeogopa kumwambia mtoto ukweli wa watu wa kale anamwandalia mtoto huyo siku ya kuuambiwa na mtu mwingine, tena kwa kejeli.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1541 Mfalme Charles aliivamia Algiers. Khairuddin hakuwepo, mji ulilindwa na Hasan Agha aliyeachiwa kazi hiyo. Dhoruba kubwa ilizivunja merikebu za Charles, jeshi likarudi limevunjika. Hapo tunaona faida ya mtu kulea wengine: aliyoyajenga yalisimama bila yeye kuwepo.

Mwaka 1543 Sultan alimtuma kumsaidia mfalme wa Ufaransa, mshirika wake dhidi ya Charles. Mji wa Nice ulichukuliwa, lakini ngome yake haikuanguka. Naam, hata uzeeni alikutana na ukuta uliomshinda. Mwaka 1544 alimkomboa nahodha Turgut, ambaye Wagenoa walikuwa wamemkamata mwaka 1540 na kumfunga kwenye makasia kama mtumwa. Turgut huyu, aliyekaa miaka karibu minne akivuta kasia la adui wake, mwaka 1551 alishiriki kuikomboa Tripoli na baadaye akaitawala. Mwalimu alikuwa na kisa cha kuanguka na kusimama, na mwanafunzi naye akapata chake.

Khairuddin alirudi Istanbul, na kwa amri ya Sultan Sulaiman habari za maisha yake ziliandikwa kitabuni kwa Kituruki. Alifariki tarehe 4 Julai 1546. Amezikwa Beşiktaş, pembeni ya maji, katika kaburi lililojengwa na Sinan, mjenzi mashuhuri wa Waothmani. Hadi leo vyombo vinapita mbele yake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kushindwa kuna sababu, na sababu hutafutwa. Aruj alikwenda Bijaya mara mbili akitegemea ushujaa, akakosa mizinga ya kutosha. Khairuddin aliiendea Peñón akiwa na mizinga inayofaa. Mwanafunzi aliyefeli hesabu asiambiwe tu "ongeza bidii". Akae na mwalimu wake, waangalie ni wapi alipokwama: je, ni sehemu, ni aljebra, au ni kwamba haoni ubaoni na anahitaji miwani? Kurudia mtihani kwa njia ileile ni kurudi Bijaya.

Pili, kuwa na Jijel yako. Kila mara alipopigwa alikuwa na mahali padogo pa kurudi na kuanza tena. Kwa mtoto, mahali hapo ni nyumbani. Mtoto akirudi na matokeo mabaya akakuta matusi na kulinganishwa na mtoto wa jirani, umemfungia bandari. Mzazi anaweza kukasirika na bado akaacha mlango wazi.

Tatu, weka akiba. Merikebu za Annaba ndizo zilizomwokoa baada ya Tunis. Kijana ajifunze ufundi wa mkono pamoja na masomo yake, iwe ushonaji, useremala au umeme. Njia moja ikizibwa, apate ya pili.

Nne, kuomba msaada si unyonge. Khidhr aliyebaki peke yake mwaka 1519 aliomba, tena kwa mtu ambaye angeweza kumchukia. Vijana wengi wanazama kwa sababu wanaona haya kusema, "Nimekwama."

Tano, ushindi nao una mtihani wake. Aliyoyapoteza Aruj, aliyapoteza baada ya kushinda: alimwaga damu ya mwenyeji wake, kisha akajitandaza hadi Tlemcen. Mwenye kufaulu mwaka huu asimcheke aliyefeli.

Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na sisi Waislamu tuna mfano mkubwa zaidi ya huo wa wahenga. Mwaka wa 3 wa Hijria, kule Uhud, Swahaba walipata pigo lililowaua takriban watu 70, na Mtume (S.A.W) mwenyewe akajeruhiwa usoni. Hawakurudi walikotoka. Walizika maiti wao, wakatibu majeraha, na kazi ikaendelea.

Tunawaomba wazazi wawasomee watoto kisa hiki nyumbani, na wawaache waulize maswali, hata yale magumu. Na kama kuna kijana katika nyumba yako ambaye jina lake halikuonekana katika orodha ya waliofaulu, mwite leo, mkae naye, mle pamoja, kisha umuulize anataka kuanza wapi.

Tunamuomba Allah (S.W) awape vijana wetu subira na elimu yenye manufaa, awape wazazi wetu hekima, na atusamehe sisi na waliotutangulia. Amin.

Wabillahi Tawfiq.